Kundi moja, lugha tatu: kujitengenezea mtafsiri wa Telegram kwa mizigo ya Ziwa Tanganyika

Tuseme wakala wa mizigo aliyepo Kigoma ameandika kwenye kundi la kazi: "Sangara inaondoka kesho saa 2 asubuhi. Dagaa kilo 1,500 watakuja kwa boti." Mwenzake wa Kalemie, upande wa Kongo, husoma Kifaransa, kwa hiyo anapitisha ujumbe kwenye mashine ya tafsiri. Mashine inaweza kumwambia kwamba samaki fulani anaondoka saa nane za usiku, na kwamba dagaa ni kilo moja na nusu. Sangara ni meli ya mafuta, ila kwa mashine ni samaki. Saa 2 asubuhi imegeuka "2 heures du matin". Koma inayotenganisha maelfu kwetu ni alama ya desimali kwa Wafaransa. Sarufi haina kosa hata moja, na ujumbe wote ni mbovu.

Tumeanza na mfano huu kwa sababu kuunganisha mtambo wa kutafsiri ni kazi ya mchana mmoja, na hahitajiki mtu wa kuandika programu. Kazi kubwa ni kuuzuia usiharibu saa, namba na majina.

Zana zinazotumika huunganisha huduma moja na nyingine kwa kuburuta na kujaza nafasi tu. Zinazojulikana zaidi ni Make, Zapier na n8n. Hapa tunatumia Make pamoja na Telegram, kwa kuwa Telegram inaruhusu mtu yeyote kutengeneza bure roboti ya kundi, yaani akaunti inayojiendesha yenyewe. (Tunasema roboti makusudi. Kigoma boti ni chombo cha majini, na kwenye kundi la wasafirishaji maneno hayo mawili yasichanganywe.) Wengi wako WhatsApp, tunajua. Lakini makundi ya kawaida ya WhatsApp hayakuundwa kupokea roboti, na zana za mlango wa nyuma zinazoahidi hivyo zinaweza kukufungia namba ya biashara. Usizijaribu kwa namba ambayo wateja wanaitegemea.

Fungua mazungumzo na akaunti ya BotFather ndani ya Telegram, andika /newbot, kisha chagua jina linaloishia na "bot". Utapewa tokeni, yaani mfuatano mrefu wa herufi na namba ambao ndio ufunguo wa roboti yako. Halafu tumia /setcommands kusajili amri tatu: fr kwa Kifaransa, rn kwa Kirundi, sw kwa Kiswahili. Ukimaliza, iingize roboti kundini.

Hapa wengi hukosea. Roboti mpya ya Telegram huwa na faragha iliyowashwa: kundini inapata amri zinazoielekea na majibu kwa ujumbe wake, haisomi maongezi mengine. Maelekezo mengi hukuambia uizime faragha hiyo ili kila ujumbe utafsiriwe. Sisi tunashauri iachwe. Mtu anayetaka tafsiri ajibu ujumbe husika kwa kuchagua /fr kwenye menyu ya amri. Aichague badala ya kuiandika kwa mkono, kwa kuwa menyu hubandika jina la roboti baada ya amri, na bila jina hilo amri inaweza isifike, hasa kundi likiwa na roboti nyingine. Kwa mpango huu ujumbe wa asili unabaki juu ya tafsiri yake, anayejua lugha zote mbili anaona kosa papo hapo, na maongezi yasiyohusika hayaendi popote.

Ndani ya Make mtiririko una vituo vitatu. Cha kwanza ni moduli (kipande cha mtiririko) ya Telegram inayosubiri ujumbe mpya, ipe tokeni. Baada yake weka njia panda yenye matawi matatu, kila tawi na kichujio chake: maandishi yaanze na /fr (au /rn, au /sw), na ujumbe unaojibiwa uwe na maandishi. Tumia sharti la "kuanza na", usitumie "kuwa sawa na", la sivyo amri iliyobandikwa jina la roboti haitapita. Kituo cha pili ni huduma ya tafsiri ya Google, ambayo inahitaji akaunti ya Google Cloud iliyosajiliwa kwa kadi ya benki. Maandishi ya kutafsiri yachukuliwe kutoka kwenye ujumbe unaojibiwa. Ukichukua yaliyo kwenye amri, utatafsiri neno "/fr". Mpangilio wa maandishi uweke kuwa maandishi matupu. Ukiuacha wa HTML, yaani ule wa kurasa za tovuti, kila kiapostrofi cha Kifaransa kitarudi kama ' na "l'arrivée" haitasomeka. Kituo cha tatu kinarudisha tafsiri kundini kama jibu kwa ujumbe wa asili.

Namba ya utambulisho wa kundi usiiandike kwa mkono. Ichukue kila mara kutoka kituo cha kwanza. Kundi la Telegram linaweza kupandishwa daraja kuwa kundi kubwa, na hapo namba yake hubadilika na kuanza na -100; aliyeiandika kwa mkono ataona roboti imekufa bila sababu. Jambo jingine: maneno yaliyo chini ya picha huhifadhiwa mahali tofauti na maandishi ya kawaida. Picha ya hati ya mzigo yenye maelezo chini yake haitatafsiriwa mpaka uongeze tawi la maelezo ya picha. Ujumbe wa sauti hauna maandishi kabisa, hivyo kichujio kitaukataa.

Gharama ikokotolewe mapema. Google hutoa herufi 500,000 za mwanzo kila mwezi bila malipo, kisha dola 20 kwa kila herufi milioni, na nafasi kati ya maneno nazo huhesabiwa. Kundi lenye ujumbe 100 kwa siku, herufi 120 kila mmoja, likitafsiriwa lote kwa lugha mbili, linafikia herufi 720,000 kwa mwezi, yaani dola 4.40 za ziada. Kinachobana mapema zaidi ni Make. Kiwango chake cha bure ni hatua 1,000 kwa mwezi, na tafsiri moja hapa inakula tatu, hivyo unapata kama 11 kwa siku. Kwa ofisi ndogo inayotafsiri kwa amri zinatosha. Kwa inayotafsiri kila kitu zitaisha wiki ya kwanza.

Sasa turudi kwenye saa, kwa kuwa hapo ndipo fedha hupotea. Kigoma iko saa moja mbele ya Bujumbura, Uvira, Kalemie na Mpulungu. Kwa hiyo hata tafsiri sahihi ya saa 2 asubuhi, 08:00, ni 07:00 kwa aliye ng'ambo. Kundi likubaliane: muda uandikwe 08:00 Kigoma, tarakimu nne na jina la mji. Uzito uandikwe 1500 bila koma wala nukta. Neno "faranga" lisitumike peke yake, maana Burundi na Kongo zote zina faranga. Andika BIF (faranga ya Burundi), CDF (faranga ya Kongo) au TZS (shilingi ya Tanzania).

Majina yanahitaji orodha. Kabla ya kituo cha tafsiri, badilisha kila jina la chombo kwa msimbo usio na maana, kama ZQ7, kisha rudisha jina baada ya tafsiri. Samaki nao wawemo: dagaa wa Kigoma ni ndagala Bujumbura, na mgebuka ni mukeke. Wapo wanaotumia modeli za lugha kama Gemini au ChatGPT badala ya mashine ya tafsiri, kwa sababu unaweza kuziagiza zisiguse majina. Ni kweli, lakini ukizitumia amuru waziwazi zitafsiri tu. Bila hivyo, ujumbe wa "Mzigo umefika?" unaweza kujibiwa badala ya kutafsiriwa.

Kirundi kipo Google Translate, Kiha hakipo. Lugha hizi ni ndugu wa karibu, hivyo ujumbe wa Kiha husomwa kama Kirundi na kutafsiriwa nusu sawa, nusu uongo. Hiyo ni hatari kuliko tafsiri iliyoshindikana kabisa. Vivyo hivyo kwa Kiswahili cha Kongo kilichochanganywa na Kifaransa, kama "bateau itafika kesho matin". Hapo muulize mtu.

Majina ya wateja, namba za simu na za pasipoti yasipitishwe kwenye roboti. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa pia taarifa zinazovuka mipaka ya nchi, na mashine hizi ziko nje. Tokeni itunzwe na mtu mmoja anayejulikana. Ikivuja, andika /revoke kwa BotFather upate mpya, kisha uiweke Make siku hiyohiyo.