Bunduki ya Komeo: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Simama Kenyatta Avenue mbele ya zile sanamu tatu za shaba, zilizowekwa mwaka 1928 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza, na haukawii kumsikia mtu akimfundisha mwenzake bunduki. Nairobi yetu, aliyewahi kuwa na mjomba polisi tayari ni mtaalamu.

“Hiyo bunduki ya komeo ni kuukuu, haina shabaha.”
Komeo lake, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu na ambacho askari hukiita bolti, hufanya kazi kama la lango la ploti: unasukuma, unalaza mkono, masikio yake, yaani vinundu vya chuma, yanaingia kwenye mianya na mlango umefungwa. Ukivuta kifyatulio, kinachokimbia ndani ni pini na springi yake. Mengine yote yametulia mpaka mkono wako uyaguse tena. Ndiyo maana walenga shabaha wa masafa marefu hawajaitupa.

“Makomeo yote ni mamoja.”
Mauser ya 1898, bunduki ya Wajerumani, ina masikio mawili mbele, karibu na risasi, na la tatu nyuma kwa usalama. Lee-Enfield ya Waingereza, ambayo wengi hapa wanaijua kwa jina la Mark Four, ina yake nyuma. Chuma chake hubonyea kidogo zaidi risasi inapolipuka, lakini mkono unazunguka kidogo na kazi ni ya haraka.

“Bolti ya hii itaingia kwenye ile.”
Itaingia, na hapo ndipo hatari ilipo. Nafasi kati ya uso wa komeo na tako la ganda la risasi ikizidi, ganda hunyooka na linaweza kupasuka usoni pako. Mark Four ilitengenezewa vichwa vya bolti vya saizi mbalimbali, vyenye namba 0 hadi 3, ili fundi achague kinachofaa. Leo hupima kwa geji mbili: moja komeo lifunge, ya pili likatae. Ndugu wawili wakibadilishana bolti kwa kuwa “zinafanana” hawajui wanachokicheza.

“Kaza skrubu mpaka zilie.”
Ni zile skrubu zinazoshikilia chuma kwenye mbao, na hili ndilo linaloharibu bunduki nyingi nzuri. Mbao hufura masika na kusinyaa kiangazi. Ukiibana kwa nguvu, inavuta chuma upande, na risasi za leo haziangukii zilipoangukia jana. Mafundi hukaza kwa kipimo kilekile kila mara, na wengine humwaga epoksi, gundi inayoganda ngumu, chini ya chuma ili kikae bila kupindwa. Kisha mtutu huachwa huru: noti ya shilingi mia ipite kati yake na mbao bila kukwama. Ila usikimbilie kuichonga Mark Four, maana yenyewe iliundwa mbao iusukume mtutu juu kidogo karibu na mdomo. Ukiondoa mguso huo unaweza kuiharibia shabaha uliyokuwa ukiitafuta.

“Kifyatulio chepesi ndicho sahihi.”
Chepesi mno hukushtua. Kinachotakiwa ni kuachia pini palepale kila mara, kwa uzito uleule.

Na kabla hujauliza: uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na bunduki yoyote inataka leseni. Hizo skrubu mwachie fundi aliye na leseni yake.