Mume kapima? Maswali ya mayai, mbegu na yule chura

Tunatafuta mtoto. Seli za uzazi, yaani mayai na mbegu, zinaanza lini?
Kabla hujazaliwa. Kuna chura wa kusini mwa Afrika, Xenopus, yeye mama anaweka ute maalum upande wa chini wa yai likiwa bado kwenye ovari, na kwenye ute mna maagizo ya jeni za mama kama nanos1 na dazl, seli zitakazorithi ule ute ndo baadae zinakuja kuwa mayai au mbegu. Wanasayansi walipoondoa maagizo ya dazl, kiluwiluwi alikua lakini seli za uzazi hana, au anazo chache mno.

Na sisi?
Sisi ute huo hatuna, zetu zinatengwa mimba ikiwa na wiki kama 3 hivi. Mtoto wa kike anazaliwa na mayai milioni 1 hadi 2, akivunja ungo yamebaki laki 3 au 4, na hayaongezeki. Sasa mtu anakunywa dawa za "kusafisha kizazi" miaka minne, unasafisha nini jamani?

Dazl inamhusu nini mume wangu?
Wanaume wana jeni ndugu yake, DAZ, kwenye kromosomu Y, ile ya kiume. Kile kipande kikikosekana mbegu zinakuwa chache sana au hamna kabisa, na kwa nje humjui.

Lakini yuko vizuri kitandani.
Apime mbegu. Nguvu za kiume sio mbegu, mtu anasimamisha, anamwaga, na kwenye majimaji hamna mbegu hata moja.

Ana mtoto nje.
Apime tu! Huyo mtoto ana miaka kumi, mbegu za leo sio za wakati ule.

Tusubiri mimba mpaka lini ndo tupime?
Mwaka mmoja bila kinga, mke akivuka 35 ni miezi 6. Hedhi ikiwa haieleweki, au korodani ya mume haikushuka utotoni, msisubiri kabisa.

Kipimo kinauma?
Hapana. Anakaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga, anatoa kwenye kikopo, kifike maabara ndani ya saa moja, basi. Mke keshapigwa ultrasound mara tatu, keshapimwa mirija na ile inauma kweli, anakuja kliniki peke yake, namuuliza baba yuko wapi, naambiwa yuko bize.