Wati za pawasaplai maana yake nini, na ya kubadilishia unaichaguaje

Kompyuta ya mezani imezima, fundi kasema pawasaplai imekufa, mtu anaenda dukani na swali moja tu, mna ya wati ngapi? Anaonyeshwa boksi limeandikwa 500W, bei nafuu, anabeba, na baada ya muda mashine inajizima kila akifungua gemu. Hapo ndo unasikia pawasaplai za siku hizi zote feki. Feki zipo kweli, ila mara nyingi shida imeanzia kwenye ile namba yenyewe, manake wati za kwenye boksi peke yake hazikuambii unachotaka kujua, na unachotaka kujua kimeandikwa kwenye stika ya ubavuni pale pale, ni vile tu wengi hatujawahi kuonyeshwa pa kusoma.

Tuanze na kazi yake. Umeme wa ukutani Tanzania ni volti 230, Kenya 240, na ni mkondo geu, yani unabadili mwelekeo kila mara, mazabodi (bodi kuu ambayo vifaa vyote vya kompyuta vinachomekwa) haiwezi kuula hivyo hivyo, inataka mkondo mnyoofu wa volti ndogo. Pawasaplai inapokea ule wa ukutani na kutoa laini kadhaa: volti 12 kwenye nyaya za njano, volti 5 nyekundu, volti 3.3 za rangi ya chungwa, nyeusi zote ni za kurudishia, alafu kuna moja ya zambarau ya volti 5 ambayo inabaki na umeme hata ukiwa umezima kompyuta, ndo maana fundi makini anachomoa waya kabisa ukutani kabla hajagusa rami (kumbukumbu ya muda ya kompyuta).

Wati ni volti mara ampea (ampea ni kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya), hamna zaidi ya hapo. Sasa kila laini ina ampea zake, na namba kubwa ya kwenye boksi inatakiwa iwe uwezo wa laini zote zikitoa kwa pamoja. Shida ni kwamba kompyuta haili laini zote sawa. Zamani, enzi za Pentium III kurudi nyuma, prosesa, ubongo wa kompyuta, ilikuwa inakula kwenye 5 na 3.3. Ilipokuja Pentium 4 mwaka 2000, Intel wakaongeza ile plagi ya pini 4 ya volti 12 inayochomekwa karibu na prosesa, na tangu hapo mzigo mzito wote umehamia kwenye 12: prosesa, kadi ya grafiki, feni, mota za hadi diski (hard disk). Kwa hiyo ukishika pawasaplai yoyote mkononi swali ni moja, laini ya volti 12 ina ampea ngapi?

Chukua stika ya aina inayoonekana sana kwenye zile za bei ya chini, imeandikwa 500W kwa herufi kubwa, chini yake 12V ni ampea 15. 12 mara 15 ni 180. Basi hiyo kwa kompyuta ya leo ni pawasaplai ya wati 180, zile nyingine zimejazwa kwenye 5 na 3.3 ambako hakuna wa kuzitumia, au hazipo kabisa. Linganisha na ya wati 550 iliyotengenezwa vizuri, stika yake inakuandikia ampea karibu 45 kwenye 12, piga hesabu unapata 540, yani karibu uwezo wote upo pale unapohitajika. Na uwe makini ukikuta 12V1 na 12V2 kila moja imeandikwa ampea 18, usijumlishe ukasema 36, angalia mstari ulioandika jumla ya wati za laini zote za 12 kwa pamoja, huo ndo wa kuamini. Stika isiyoonyesha ampea za kila laini iache dukani, mtengenezaji anayejiamini hafichi hizo namba.

Unahitaji ngapi? Hapa watu wengi wanajitisha bure. Prosesa kama i5-6500 imepimwa wati 65, kadi ya grafiki ya GTX 1650 ya kawaida ni 75, mazabodi na rami na SSD (diski isiyo na mota) na hadi diski weka kama 50 hivi, jumla haifiki 200. Mashine ya hivyo pawasaplai ya kweli ya wati 400 au 450 inaibeba bila kutoka jasho. Ukipanda hadi i5-12400 ambayo ikikazwa inafika 117, na kadi ya RTX 3060 yenye 170, unakuwa kwenye 340 hivi, na Nvidia wanaoitengeneza wenyewe wanashauri 550 kwa hiyo kadi, kwa sababu kadi za grafiki zina tabia ya kuruka juu ghafla kwa muda mfupi sana na pawasaplai dhaifu inazima hapo hapo. Ukiwa na nafasi ya ziada hivyo hata feni inazunguka polepole na joto linapungua. Kununua 850 kwa mashine ya ofisini ya Word na Excel ni hela kupotea tu, ungenunua SSD.

Alafu plagi. Kubwa ya mazabodi ni pini 24 (za zamani sana 20), ya prosesa ni pini 4 au 8, na kadi ya grafiki inaweza kutaka pini 6 au 8. Tundu la kwenye mazabodi linaipa kadi wati 75 peke yake, plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150, kwa hiyo kama kadi yako inataka pini 8 na pawasaplai haina, usikimbilie adapta za kuunga kutoka kwenye nyaya za diski, nyaya nyembamba zile zinapata moto. Pawasaplai kukosa hiyo plagi kabisa maana yake mtengenezaji mwenyewe hakuiandaa kwa mzigo huo.

Hapa ndo wanaumia wenye mashine za mtumba, zile Dell na HP za maofisini zinazoingia na makontena, na ndizo nyingi mtaani kwetu. Dell OptiPlex 3020 na 9020 plagi yake kubwa ni ya pini 8 sio 24, HP EliteDesk 800 G1 ni pini 6. Ukinunua pawasaplai ya kawaida utafika nyumbani ukute haichomeki popote. Na zile nyembamba za kulaza hata umbo ni tofauti. Umbo la kawaida linaitwa ATX, ni milimita 150 kwa 86 na urefu kuanzia 140, SFX ni 125 kwa 63.5 kwa 100, TFX ni ndefu nyembamba 85 kwa 65 kwa 175, na Dell na HP wana maumbo yao wenyewe ambayo hayapo kwenye orodha hiyo. Ushauri wangu kwa mashine hizi: fungua keisi, toa pawasaplai iliyokufa, nenda nayo mkononi, na utafute yenye namba ile ile ya kipuri iliyoandikwa kwenye stika hata kama ni ya kutoka kwenye mashine nyingine iliyokufa. Adapta ya pini 24 kwenda 8 au 6 zipo na zinafanya kazi, ila hakikisha ni ya modeli yako hasa, ya Dell usiichomeke kwenye HP.

Umeme wetu nao una mambo yake. Angalia nyuma kama kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka kwenye umeme wetu kinachofuata ni mlipuko na moshi, na mashine zilizotoka Marekani ndo zinakuja hivyo. Bora uchukue isiyo na kiswichi, iliyoandikwa 100-240V, kwanza huwezi kukosea, pili umeme ukishuka jioni taa zikawa za manjano yenyewe inaendelea kufanya kazi wakati ya kiswichi inazima. Kuna jambo moja la UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Pawasaplai hizi za kisasa zinarekebisha zenyewe jinsi zinavyovuta umeme, na baadhi yake hazipatani na UPS za bei ndogo zenye wimbi la ngazi ngazi, umeme ukikatika UPS inalia lakini kompyuta inazima. Ikikutokea hivyo usiilaumu pawasaplai kabla hujaijaribu kwenye UPS yenye wimbi safi.

Na ule mwasho unaousikia ukigusa keisi, watu wengi wanabadilisha pawasaplai kwa sababu hiyo. Mara nyingi ni nyumba haina ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini), au umetumia ekstensheni ya pini mbili. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji) za kuchuja kelele za umeme zilizounganishwa na bati la keisi, na ethi isipokuwepo volti zinabaki kwenye bati zikikusubiri wewe. Ukibadilisha pawasaplai mwasho unabaki pale pale. Weka ethi.

Kuhusu beji za 80 Plus, hizo zinapima pawasaplai inapoteza umeme kiasi gani kuwa joto. Ikitoa wati 300 kwa ufanisi wa asilimia 85 inavuta ukutani kama 353, hizo 53 ni joto unalolipia LUKU. Beji ya Bronze inatosha watu wengi, Gold ina maana kama mashine inawaka siku nzima. Beji lakini haipimi ulinzi wa ndani, yani uwezo wa kujizima yenyewe kukitokea shoti au volti zikipanda, na ulinzi huo ndo unaookoa mazabodi na data zako. Mimi nikilazimika kuchagua kati ya wati nyingi za jina lisilojulikana na wati chache za Seasonic, FSP au Corsair yenye waranti, nachukua chache bila kufikiria mara mbili, kwa sababu pawasaplai mbovu haifi peke yake, inaondoka na vingine.

Kama umenunua pawasaplai ambayo nyaya zake zinachomoka, tumia nyaya zilizokuja nayo tu. Upande wa pawasaplai kila kampuni ina mpangilio wake, plagi inaweza kuingia vizuri kabisa lakini 12 ikaenda sehemu ya 5, na diski yenye picha zote za familia ikaungua kwa sekunde moja. Nyaya za ile ya zamani zifungie mbali au zitupe kabisa.

Usiifungue ya zamani kutaka kuitengeneza kama hujui, kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ikiwa haijachomekwa. Mpya ukishaifunga, washa, chukua mita ya kupimia volti, weka ncha yake nyeusi kwenye waya mweusi na ncha nyekundu kwenye wa njano wa plagi ya diski, mashine ikiwa imelemewa na gemu au video. Inatakiwa isome kati ya 11.4 na 12.6, na waya mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ikisoma nje ya hapo irudishe dukani siku hiyo hiyo na risiti yako.