Umestaafu. Jumanne saa nne asubuhi utakuwa wapi?

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na mara kwa mara huwa naalikwa kwenye semina za wastaafu watarajiwa hapa Dar. Ratiba zake zinafanana: mafao, kikokotoo, matapeli wanaonusa kiinua mgongo, halafu anasimama mtu wa kuku na picha za mabanda. Mimi nawekwa mwishoni, harufu ya pilau ikiwa imeshaingia ukumbini. Kwa hiyo nauliza swali moja tu: "Ukishastaafu, Jumanne saa nne asubuhi utakuwa wapi?" Watu wanacheka. Kisha wanatazamana.

Mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na akifika 60 ni kwa lazima. Tunadhani alichopoteza ni shughuli, ndiyo maana tunamrundikia shughuli: lima bustani, soma, tembea. Mimi naona alichopoteza ni mtu wa kumuuliza, "Mbona jana hukuja?"

Na jiji letu linatia chumvi kwenye kidonda. Mtu kapanga Sinza au Magomeni miaka yote, muuza kahawa anamjua, kinyozi anamjua. Pembeni kanunua kiwanja Chanika au Bunju, kajenga kidogo kidogo. Siku ya kustaafu anahamia kwake. Nyumba nzuri, geti lipo, jirani hamjui. Kuwafuata wenzake wa zamani ni kupanda daladala mbili, na goti nalo lina maoni yake.

Mzee mmoja niliyemtembelea alikuwa mtunza stoo maisha yake yote. Bado alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anaoga, anapiga pasi shati, anakaa barazani. Ikifika saa tatu barabara imeshatulia, hana wa kumsalimia, anaingia jikoni. Mkewe alinisindikiza hadi getini akaninong'oneza: "Mwanangu, baba huyu ananihesabia vitunguu."

Nilimuuliza ujanani alikuwa anacheza nini. Bao, akasema, ila kazi ilimnyima nafasi. Kumbe mwendo wa dakika kumi kutoka kwake kulikuwa na kijiwe chini ya mwembe, watu wanaanza baada ya alasiri. Alikuwa akikipita kila siku bila kusimama, eti hawajuani.

Bao la Kiswahili lina kete 64 na mashimo 32, nusu yako nusu ya mwenzako. Unaanza na kete 10 tu ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye shimo maalumu liitwalo nyumba, na 22 unabaki nazo uziingize moja moja. Hiyo ndiyo namua, awamu ya kwanza. Zikiisha mkononi mnaingia kwenye mtaji, awamu ya pili. Kila ukila kete za mwenzako lazima ujue mtawanyo wako utaishia shimo gani, na pengine unazunguka mara kadhaa kabla ya kulala, yaani zamu yako kuisha. Kichwa hakisinzii. Lakini mimi nalipenda kwa sababu nyingine: wanaocheza ni wawili, wanaosema ni kumi. Na usipotokea kesho yake, aliyekufunga atakutafuta ili akutambie.

Akina mama wengi wana kikoba. Siku ya kukutana inajulikana, na kwenye vikundi vingi asiyefika bila taarifa anatozwa faini. Faini ile naiheshimu kuliko ushauri wangu mwenyewe. Balaa lao ni wajukuu. Bibi akistaafu tu, watoto wanaona yaya kapatikana, tena wa bure. Kuchoka anachoka, lakini anaweza kumaliza wiki hajazungumza na mtu mzima. Kina mama, siku ya kikoba mjukuu abaki na mamake.

Kuku sina ugomvi nao. Wanataka maji asubuhi na mtu wa kuwaangalia jioni. Kasoro ni kuwamwagia kiinua mgongo chote ilhali hujawahi kufuga hata watano. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikipita bandani unabaki bila pesa na bila kazi. Kutembea ni kuzuri pia: Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa joto letu la Januari ni bora uwe barabarani saa kumi na mbili asubuhi. Tafuta wa kukugongea geti, maana peke yako utaacha baada ya siku tatu. Simu na runinga vinapitisha saa tu.

Ila mzee akikosa usingizi wiki kadhaa, akakataa chakula, akakwepa hata wajukuu, hiyo huenda ni sonona. Mpelekeni hospitali, msimpeleke kijiweni.

Mtunza stoo wangu ilimchukua wiki mbili kukaribia ule mwembe. Siku ya kwanza alisimama tu na baiskeli yake, ya pili akasogezewa benchi. Juzi nilimpigia simu nimwambie nitapita jioni kumjulia hali. "Njoo asubuhi, mwanangu," akasema. "Jioni kuna mtu ananidai."