Kwa nini mtu aliyechoka huchomoka mwishoni

Wakimbiaji huliona jambo hili kila wikiendi na ni wachache wanaojiuliza. Mtu anaanza kuburuta miguu kilomita ya 33, ya 38 anaapa kwamba hana kitu, halafu akiuona mstari wa kumalizia anachomoka kama ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi. Nguvu hizo zilikuwa wapi muda wote?

Nafundisha watu wazima wanaokimbia mbio ndefu, wengi wakiwa na kazi zao za ofisini na dukani, na swali hilo huwauliza kabla sijawapa ratiba yoyote. Jibu linaeleza juhudi ni kitu gani hasa. Mwaka 1996 Mjerumani Hans-Volkhart Ulmer, mtaalamu wa fiziolojia, alieleza kwamba ubongo hupanga matumizi ya nguvu kwa kuanzia mwisho: hutazama umbali uliobaki, huulinganisha na hali ya mwili, ndipo huamua kasi ya sasa. Tim Noakes wa Afrika Kusini aliliendeleza wazo hilo hadi kusema uchovu wenyewe ni hisia inayotengenezwa na ubongo ili tusijiumize. Wapo wanaompinga, nao wana hoja nzuri. Ila sijaona kocha wa mbio ndefu anayebisha kwamba asiyejua mwisho uko wapi hugawa nguvu zake vibaya.

Ndiyo maana ule usemi wa "wewe jitume tu" unanichosha. Jitume mpaka wapi, kwa kasi gani?

Tazama jinsi lengo la Eliud Kipchoge lilivyoshughulikiwa Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Alitaka kumaliza kilomita 42.195 chini ya masaa mawili. Lengo hilo, likiachwa hivyo lilivyo, halimsaidii mtu aliye kilomita ya 17. Hapo hakuna masaa mawili. Ipo kilomita moja ya kukimbia kwa dakika 2 na sekunde 50, na ikiisha inakuja nyingine kama hiyo. Basi gari la mbele lilimmulikia mstari wa mwanga wa kijani barabarani, na wakimbiaji 41 walipokezana kumwekea kasi na kumkinga upepo. Kazi yake ikawa moja: asiuache ule mwanga. Akamaliza kwa 1:59:40. Miaka miwili kabla, kule Monza, Italia, alikuwa amekimbia 2:00:25.

Muda huo wa Vienna hauhesabiki kuwa rekodi ya dunia, kwa sababu ya wale wapokezanaji na jinsi alivyoletewa vinywaji, na halikuwa shindano la wazi. Ni sawa kabisa usihesabiwe. Kwangu thamani yake iko kwingine: tuliona lengo kubwa likikatwakatwa mpaka likawa kitu cha kutazamwa kwa jicho, sekunde kwa sekunde.

Sisi wengine hatuna gari la mwanga, lakini namba zinatuvuta vilevile. Mwaka 2017 watafiti wanne, Eric Allen, Patricia Dechow, Devin Pope na George Wu, walichapisha uchambuzi wa matokeo karibu milioni 10 ya marathoni. Waliomaliza dakika chache kabla ya masaa manne ni wengi mno kuliko waliomaliza dakika chache baada yake. Mapafu hayajui masaa manne ni nini! Lakini mtu akiwa karibu na namba aliyojiwekea, kilomita mbili za mwisho hapunguzi kasi sana kama wenzake waliochoka kama yeye. Juhudi ilikuwepo, ilikosa cha kuishika.

Namba hiyo hiyo ina upande mbaya. Ikishaponyoka kilomita ya 30, wengi huachia kila kitu na kuanza kutembea, hata kama miguu bado ina uwezo. Hapa ndipo huwa namtaja John Stephen Akhwari. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 alianguka, akaumia vibaya goti, akamaliza wa mwisho miongoni mwa waliomaliza, kwa 3:25:27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Watu humsimulia kama mfano wa uvumilivu. Mimi naona zaidi akili ya mtu aliyebadilisha lengo njiani bila kusimama: medali imekwenda, sasa ni kufika. Alipoulizwa baadaye, alisema nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Kwa hiyo wakimbiaji wangu huenda na malengo matatu, na la tatu lazima liwe linalowezekana hata siku ikiharibika. Njiani hujipima kwa kipimo cha Msweden Gunnar Borg, kinachoanzia 6 hadi 20: unajipa namba kadiri unavyohisi ugumu. (Namba hizo za ajabu zina sababu: ukizidisha kwa 10 unakaribia mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya.) Akiniambia yuko 16 kilomita ya 10, tunarudi kupanga upya.

Na lengo si lazima liwe saa. Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa 2:09:48, zaidi ya dakika tisa nyuma ya 2:00:35, rekodi ya dunia ya wakati huo, aliyokimbia Kelvin Kiptum kule Chicago mwaka 2023. Hakuna aliyemuuliza muda. Kwenye ubingwa hushindani na saa, unashindana na aliye pembeni yako, kwa hiyo nguvu hutunzwa kwa namna tofauti kabisa. Amanal Petros wa Ujerumani aliingia mita za mwisho akiwa mbele, na Simbu akampita pale pale kwenye mstari, kwa tofauti ya sekunde 0.03.