Pumzi unayo, ugoko bado: maswali ya wanaojiandaa na kilomita 21

Mbio za Kilimanjaro Marathon za Moshi zikikaribia, maswali haya hurudi. Mtu ambaye mara ya mwisho alikimbia mchakamchaka shuleni anajikuta amejiandikisha kilomita 21.

Kuna namna moja sahihi ya kukimbia?

Hakuna. Hata wanaoongoza hawafanani: mmoja anarusha mkono, mwingine amepinda shingo. Kosa linalowaponza wanaoanza ni kurefusha hatua. Mguu unatua mbali mbele ya mwili, goti limenyooka, na kila hatua inakuwa kama kufunga breki. Kishindo chake hubebwa na goti na ugoko. Mguu utue karibu na usawa wa kiwiliwili, goti likiwa limekunjwa kidogo.

Hesabu hatua zako kwa dakika moja. Zikiwa 160, jaribu kufikisha 168 au 170 bila kuongeza mwendo, zitajifupisha zenyewe. Usihangaike na ile 180 inayotajwa kila mahali. Chanzo chake ni kocha Jack Daniels kuwatazama wakimbiaji wa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Wale walikuwa mashindanoni, wewe umetoka kazini.

Mabega yalegee, ngumi usizikaze. Basi.

Nitue kwa kisigino au kwa vidole?

Wengi wenye raba hutua kwa kisigino na hawadhuriki. Ukihamia mbele ya unyayo, goti linapata nafuu, lakini mzigo haupotei: unakwenda kwenye kigimbi na kano ya kisigino. Anayebadili ghafla huumia huko.

Sasa kinachoumiza watu ni nini hasa?

Pupa. Moyo na mapafu huzoea mazoezi ndani ya wiki chache. Mifupa na kano huhitaji miezi. Ndiyo maana wiki ya nne unajisikia unaweza kilomita 15, na kweli pumzi unayo, ila ugoko bado. Anayekimbia kilomita 12 kwa wiki aongeze moja au mbili tu, na kila baada ya wiki tatu apunguze kidogo. Siku tatu kwa wiki zinamtosha anayeanza. Tena zoea milima mapema, maana kushuka ndiko kunakotesa mapaja na magoti kuliko kupanda.

Nitajuaje kama maumivu ni ya kawaida?

Misuli ikiuma miguu yote miwili kuanzia kesho yake, kisha ikatulia baada ya siku mbili tatu, usiwe na wasiwasi. Wasiwasi uwe pale unapobonyeza ugoko au unyayo kwa kidole kimoja ukapata sehemu moja yenye maumivu makali, yanayozidi ukikimbia au kukuamsha usiku. Huo unaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Acha kukimbia, usichuliwe, nenda hospitali. Na eksirei ikitoka safi usishangilie bado: ufa wa wiki za kwanza mara nyingi hauonekani.

Mwanamke ambaye hedhi imekatika tangu aongeze mazoezi naye amwone daktari. Huenda hali chakula cha kutosha, na mifupa hudhoofika kwa hali hiyo.

Raba za mtumba zinafaa?

Zinafaa, ila zikague. Ziweke mezani uzitazame kwa nyuma. Zikiegemea upande mmoja, aliyezivaa kwanza ameshazimaliza. Raba mpya nyingi hudumu kilomita 500 hadi 800. Kidole kirefu kibakize nafasi mbele, la sivyo kucha zitageuka nyeusi.

Nimebakiwa na wiki tano na sijaanza. Nifanyeje?

Siku hiyohiyo kuna mbio za kilomita 5. Omba uhamishiwe huko.