Mrejesho wa kujenga katika upigaji picha

Mrejesho wa kujenga, katika upigaji picha, ni maelezo ambayo mtazamaji humpa mpiga picha kuhusu kile alichokiona na alichokihisi alipoitazama picha yake, maelezo yanayotaja vitu vilivyomo ndani ya fremu na kumwachia mwenye picha jambo analoweza kulitumia atakaposhika kamera tena. Ndani ya maana hii kuna mambo matatu yanayokwenda pamoja: maelezo yanahusu picha wala si mtu aliyeipiga, yanataja sababu, na yanaacha uamuzi kwa mwenye picha. Likikosekana moja, kinachobaki kinaweza kuwa sifa, au lawama, au hamu ya mtu mwingine kuiona picha ambayo angeipiga yeye mwenyewe.

Haja ya kuieleza dhana hii kwa makini inatokana na namna wapiga picha wa leo wanavyojifunza. Wapo waliopitia chuo, na wapo waliokaa studio chini ya fundi, lakini wengi wanafundishana wao kwa wao katika makundi ya WhatsApp, Telegram na Facebook, ambako picha iliyowekwa asubuhi inafika jioni ikiwa imefunikwa na nyingine nyingi. Fundi wa studio alikuwa na nafasi ya kuishika picha iliyosafishwa, akamwonyesha mwanafunzi wake mahali uso ulipopotea kivulini, akamweleza taa ingekaa wapi. Mtandaoni nafasi hiyo imechukuliwa kwa kiasi kikubwa na kitufe cha kupenda, ambacho Facebook ilikianzisha mwaka 2009, na ambacho kwenye Instagram, iliyoanza mwaka 2010, kina umbo la moyo. Kitufe hicho kinaonyesha kwamba mtu amependa. Hakionyeshi amependa nini, na aliyepita bila kukibonyeza hajasema chochote. Mpiga picha anaweza kupata mioyo mia mbili kwa picha moja na kumi kwa nyingine, asijue kama tofauti imetokana na mwanga, na sura ya aliyepigwa, au na saa aliyoiweka.

Tuchukulie picha ya mvuvi mzee anayeshona wavu ufukweni Bagamoyo, saa saba mchana. Ameketi mchangani ubavuni mwa ngalawa, amevaa kofia pana ya ukindu, uso wake umo kivulini na mikono yake imo juani, na pembeni kulia ipo ndoo nyekundu ya plastiki. Mtu wa kwanza anaandika, "Umeua, mkuu." Wa pili anaandika, "Bado sana, kajifunze kwanza kutumia kamera." Wa tatu anaandika, "Jicho langu limeanzia kwenye ile ndoo nyekundu, likakaa pale kabla sijaiona mikono ya mzee, nadhani kwa sababu ndiyo rangi pekee iliyokolea. Ulikusudia tuanze na ndoo? Kama ulitaka tuanze na mikono, ungesogea karibu kidogo ili ndoo itoke kwenye fremu."

Maoni mawili ya kwanza yanaonekana kupingana, lakini yana upungufu uleule. Yote mawili yanamhusu mpiga picha, na hakuna hata moja linalomfunulia kitu kuhusu picha yake. Aliyesifiwa hajui arudie nini, na aliyelaumiwa hajui aache nini. Maoni ya tatu hayamsifu wala hayamlaumu, na bado ndiyo yenye heshima kubwa kuliko yote, kwa sababu aliyeyatoa ametumia muda kuitazama picha hadi akajua jicho lake lilipita wapi.

Kwamba mrejesho unaomlenga mtu unaweza kudhuru si hisia tu za watu wapole. Mwaka 1996 wanasaikolojia Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu mrejesho, katika kazi za aina mbalimbali, wala si katika upigaji picha pekee. Waliona kwamba kwa wastani mrejesho huboresha utendaji, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo uliushusha. Maelezo yao ni kwamba nguvu ya mrejesho hupungua kadiri unavyoyaondoa mawazo ya mtu kwenye kazi na kuyapeleka kwenye nafsi yake. Anayeambiwa kwamba hana kipaji huanza kuwaza kipaji chake, na anayeambiwa kwamba ni gwiji huanza kuwaza ugwiji wake; katika hali zote mbili, ile ndoo nyekundu inabaki pale pale.

Njia ya kuepuka hilo ni kueleza kabla ya kuhukumu. Edmund Burke Feldman, mwalimu wa sanaa wa Marekani, alipendekeza mpangilio ambao bado unafundishwa madarasani: kwanza mtazamaji ataje vilivyomo, kisha achambue jinsi vilivyopangwa na vinavyohusiana, kisha afasiri maana anayoipata, na hukumu ije mwisho. Mpangilio huu unaweza kuonekana wa polepole mno kwa mtu anayejibu kwa simu akiwa ndani ya daladala, na sidhani kama kila maoni yanahitaji hatua zote nne. Hatua ya kwanza, hata hivyo, haistahili kurukwa kamwe. Sentensi moja inayotaja kwa usahihi kilichoonekana, kwa mfano kwamba mstari wa ubavu wa ngalawa unalipeleka jicho moja kwa moja mikononi, inamthibitishia mwenye picha kwamba kazi yake imetazamwa kweli, na inamwonyesha kitu ambacho pengine alikifanya bila kujua.

Hatua nyingine inayosaidia sana ni swali lisilobeba hukumu. Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, alianza mwaka 1990 kuandaa utaratibu wa kutoa mrejesho kwa wasanii, na ingawa ulitokana na jukwaa la dansi, unaifaa picha bila kubadilishwa sana. Watazamaji huanza kwa kusema kilichokuwa na maana kwao. Kisha mwenye kazi huuliza maswali yake. Kisha watazamaji humuuliza yeye maswali yasiyoficha maoni. Na mwishoni kabisa hutoa maoni yao, baada ya kutaja jambo wanalotaka kulizungumzia na kupewa ruhusa. "Kwa nini umeuacha uso gizani hivi?" ni lawama iliyovaa alama ya kuuliza. "Ulipoamua kiasi cha mwanga, ulitaka uso wa mzee uonekane kwa kiasi gani?" ni swali, na jibu lake linaweza kubadilisha kila kitu, kwa maana huenda mzee alikubali kupigwa picha kwa sharti kwamba uso wake usitambulike.

Swali kama hilo ndilo linalotenganisha kosa na chaguo, na hapa ndipo maoni mengi mtandaoni yanapopotoka. Bodaboda iliyopigwa kwa kasi ya shata (muda ambao kamera huruhusu mwanga uingie) ya 1/15 ya sekunde, kamera ikiifuata inapopita, itatoka na mandharinyuma yaliyovutika kama mistari. Anayesema picha imetikisika bila kuuliza hajui kama anazungumzia kusudi au bahati mbaya. Vivyo hivyo kwa kanuni ya theluthi, ambayo humtaka mpiga picha amweke mhusika kwenye moja ya mistari inayoigawa fremu katika sehemu tatu sawa. Ni msaada mzuri kwa anayeanza, lakini mtu akiitumia kama rula kwa kila picha anayoiona, atamshauri ahamishe mhusika hata yule aliyemweka katikati makusudi ili mlango wa Zanzibar nyuma yake usimame sawa pande zote mbili.

Mrejesho wa kiufundi nao una uzito wake, na huwa bora zaidi anayeutoa anapojua kilichosababisha tatizo. Kipimamwanga cha kamera hakijui kinachotazamwa. Kimetengenezwa kwa kuchukulia kwamba eneo linalopimwa, kwa wastani, lina wangavu wa kijivu cha kati, na kikiachwa kiamue chenyewe huivuta picha kuelekea kijivu hicho. Ndiyo maana bwana harusi mwenye kanzu nyeupe, aliyesimama mbele ya ukuta mweupe, anaweza kutoka na kanzu ya kijivu na uso wenye giza, ilhali mwanamke aliyevaa buibui jeusi na kuijaza fremu anaweza kutoka na buibui lililopauka na uso uliong'aa kupita kiasi. Simu nyingi za sasa hutambua uso na kurekebisha, lakini si kila mara. Kumwambia mpiga picha wa harusi kwamba picha ina giza ni kumwambia anachokiona mwenyewe. Kumwambia kwamba weupe ndio uliokidanganya kipimo, na kwamba kuongeza fidia ya mwanga (mpangilio wa kamera wa kuongeza au kupunguza mwanga wa picha) kwa hatua moja hivi kungeurudisha weupe wa kanzu na uso kwa pamoja, ni kumpa kitu cha kwenda nacho kwenye harusi ya Jumamosi ijayo.

Katika suala la ngozi natamani watoa mrejesho wawe waangalifu kuliko kawaida. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi za Kodak zilizojulikana kwa jina la Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha iliyo sahihi. Watu weusi walitoka wakiwa wamepoteza maumbo ya nyuso zao, hasa walipopigwa pamoja na watu weupe. Kadi hizo zimepitwa na wakati, na mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikiwa na marekebisho yaliyokusudiwa kuonyesha ngozi nyeusi kwa usahihi zaidi. Hata hivyo ushauri wa "mng'arishe kidogo" bado hutolewa, hata na sisi wenyewe, kwa picha ambayo ngozi nyeusi imetoka jinsi ilivyo, na maelezo yote ya uso yanaonekana. Anayetaka kutoa ushauri huo ajiulize kwanza kama kuna kitu kilichofichwa na giza, au kama ni ngozi tu iliyo nyeusi. Kama hakuna kilichofichwa, picha haina tatizo la mwanga.

Jambo dogo lakini lenye kuleta ugomvi usio wa lazima ni ubora wa faili. WhatsApp huibana picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo kulaumu ukali (yaani uwazi wa maelezo madogo) wa picha iliyofika hivyo ni kulaumu kitu ambacho huenda hakikuwa cha mpiga picha. Picha ikitumwa kama hati, ubora wake hubaki kama ulivyo, na mazungumzo kuhusu ukali yanakuwa na msingi.

Anayeomba mrejesho naye ana sehemu yake, tena kubwa. "Naomba maoni" ni ombi pana mno, na linaita majibu mapana vilevile. Mwenye picha ya mvuvi angeandika kwamba alitaka mikono iwe kiini cha picha, kwamba hana uhakika kama kivuli cha kofia kinamficha mzee au kinaleta utulivu, na kwamba anaweza kurudi ufukweni kupiga tena, angepata majibu ya aina nyingine kabisa. Taarifa ya mwisho ina maana kubwa, kwa sababu picha ya harusi haiwezi kurudiwa. Mrejesho unaoifaa ni kuhusu uhariri, au kuhusu picha ipi iingie kwenye albamu, wala si kuhusu mahali ambapo mpiga picha alipaswa kusimama mwezi uliopita.

Kuna ugumu mwingine unaotokana na adabu zetu. Kijana huona vigumu kumwambia fundi aliyemzidi umri na uzoefu kwamba picha yake ina kasoro, na mtu mzima huona uchungu kusahihishwa mbele ya kundi zima. Adabu hiyo ina thamani, na sioni sababu ya kuitupa. Kinachohitajika ni utaratibu unaoipa njia. Msimamizi wa kundi akiwataka wanakundi wote waanze kwa kueleza walichokiona, kijana anaweza kusema, "Mwalimu, jicho langu limebaki kwenye anga kuliko kwa bibi," bila kumkosea mtu heshima, kwa kuwa amezungumzia jicho lake. Mambo yanayogusa kazi ya mteja, au yanayoweza kumharibia mtu jina, yapelekwe faragha. Matusi na dhihaka yafutwe siku hiyohiyo, kwa sababu mwanakundi mgeni hutazama yanayovumiliwa kabla hajaamua kuweka picha yake.

Kundi linaweza pia kupunguza wingi ili kuongeza umakini: kila mtu aweke picha moja kwa siku, na anayeweka ya kwake aandike kwanza maelezo ya kweli juu ya picha ya mwenzake. Kipengele hiki cha pili ndicho ninachokithamini zaidi, kwa sababu anayelazimika kueleza kwa maneno kwa nini picha ya mwingine imemgusa huanza kuuliza maswali yaleyale anapotazama kupitia lenzi yake mwenyewe. Mambo yanayotajwa yawe machache, moja au mawili kwa picha, maana mpiga picha aliyepewa kasoro tisa kwa mpigo hajui aanze na ipi.

Watazamaji wawili wakitofautiana, mmoja akitaka ndoo nyekundu itoke na mwingine akiona ndiyo inayoipa picha uhai, hakuna aliyekosea. Mwenye picha amejua kwamba ndoo ina nguvu, na kwamba nguvu hiyo inafanya kazi kwa namna mbili. Akirudi ufukweni anaweza kupiga fremu moja yenye ndoo na nyingine isiyo nayo, akaziweka zote mbili mbele ya watu walewale na kuwauliza wanaanza kutazama wapi.